Picha ya "Hatari!" na Nchi ya Meru, 1960–1962

Msafiri atokaye Arusha kwa barabara ya Moshi hufika Usa River baada ya mwendo wa kilomita 20 na kitu. Hapo huikuta njia ya kushoto ipandayo kaskazini kuelekea Ngurdoto, maziwa ya Momella na Ngare Nanyuki, mlima Meru ukiwa upande mmoja na Kilimanjaro ikionekana mbali upande wa pili. Huko Momella, kati ya mwisho wa mwaka 1960 na mwanzo wa mwaka 1961, ndiko zilikopigwa sehemu nyingi za picha ya sinema iitwayo Hatari!, kazi ya Mmarekani Howard Hawks. Picha hiyo ilitolewa mwaka 1962. Wachezaji wake wakubwa walikuwa John Wayne wa Marekani, Elsa Martinelli wa Italia na Hardy Krüger wa Ujerumani. Hadithi yake ni nyepesi: kikundi cha wageni kinakamata wanyama wa porini ili wapelekwe katika bustani za wanyama za ng'ambo, na humo humo mapenzi yanaingia.

Picha hii husifiwa kwa mbio zake za magari nyuma ya faru, wala sifa hiyo si ya bure. Hata hivyo haijachunguzwa ipasavyo kama ushahidi wa historia, na hasa kwa swali hili: ni wakati gani unaoonyeshwa ndani yake?

Swali hilo huwa wazi zaidi Hatari! ikiwekwa karibu na picha nyingine ya miaka ile ile. Mwaka 1960 George Pal alitoa sinema ya The Time Machine, aliyoitunga kutoka riwaya ya H. G. Wells iliyochapishwa London mwaka 1895. Ndani yake mtu mmoja anaunda chombo cha kumpeleka katika zama zijazo. Lililo la maana kwa mwanahistoria ni kwamba chombo kile hakiendi po pote. Kinakaa pale pale kilipoundwa, na nyakati ndizo zinazopita. Msafiri ameketi, mbele yake liko dirisha la duka lenye sanamu ya kuvishwa nguo, na mavazi ya sanamu hiyo yanabadilika miaka ikienda. Anasimama mwaka 1917, anasimama 1940, anasimama tena 1966, na humo London inaangamia kwa silaha za nyuklia. (Mwaka 1966 wenyewe ulipofika, London ilikuwa salama.) Kisha anatupwa mpaka mwaka 802,701.

Lau kiti kile kingaliwekwa Momella na kurudishwa nyuma, mwenye kuketi juu yake angaliona mengi. Angaliona walowezi wa Kijerumani wakikata mashamba kuuzunguka mlima kabla ya vita ya 1914, na miongoni mwao Margarete Trappe, ambaye shamba lake lilikuwa hapo hapo Momella na ambaye alifariki mwaka 1957. Angaliona ardhi ya Wameru ikibanwa, juu kwa msitu wa serikali na chini kwa mashamba ya wageni. Baada ya vita ya pili angaliona tume ya Jaji Mark Wilson ikipendekeza kwamba nchi ya upande wa Sanya ipangwe upya, ili mashamba ya Wazungu yawe eneo moja lisilokatizwa. Na mwezi wa Novemba 1951 angaliona moshi. Yapata watu 3,000 walihamishwa kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa, mifugo yao ikaswagwa.

Wameru walilipeleka shauri lao mbali. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York, akifuatana na wakili Earle Seaton, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa. Katika Baraza Kuu azimio la kuwaunga mkono halikupata theluthi mbili za kura, lakini jina la Meru lilikwisha kujulikana, na chama cha TANU kilichozaliwa mwaka 1954 kilizikuta nyoyo za watu zimekwisha amka. Wawili hao waliiandika habari hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1967.

Hayo yote yalitendeka umbali mdogo kutoka mahali ambapo, miaka tisa tu baadaye, kamera ya Hawks ilisimamishwa. Wakati picha inapigwa Julius Nyerere alikuwa amekwisha kuwa Waziri Kiongozi, tangu Septemba 1960. Madaraka yalikuja Mei 1961, na uhuru ukafuata tarehe 9 Desemba mwaka huo. Kwa hiyo watazamaji wa 1962 waliiona nchi ambayo serikali yake ilikuwa imekwisha badilika. Ndani ya Hatari! hakuna dalili ya lo lote katika hayo. Kuna nyika, wanyama, nyumba moja kubwa na wageni wanaokunywa jioni. Nchi imefanywa kuwa haina jana wala kesho.

Si haki kumlaumu Hawks kwa kutotengeneza picha ambayo hakukusudia kuitengeneza. Katika kazi zake nyingi alipenda jambo moja, yaani kikundi kidogo cha watu walioshikamana kwa sababu kazi yao ni ya hatari, na alilipata hilo popote, katika ndege au katika nyika. Tena alifanya jambo lisilo la kawaida: wachezaji wenyewe waliingia katika mbio za kukamata wanyama, wakiongozwa na Willy de Beer, mkamataji hasa. Mwandishi wa mchezo alikuwa Leigh Brackett, bibi aliyejipatia jina kwa riwaya za safari za sayari nyingine. Pengine si ajabu kwamba Tanganyika yake inafanana kidogo na Mars: mahali pazuri, mbali, pa kujaribia ushujaa wa wageni.

Lakini kazi yenyewe ilifanywa na nani? Hapa riwaya ya Wells yasaidia kuliko sinema iliyotokana nayo. Katika riwaya watu wa mwaka 802,701 wamegawanyika makabila mawili. Juu ya ardhi wanaishi Eloi, wazuri, wavivu, wana wa matajiri wa zamani. Chini wanaishi Morlock, wana wa wafanya kazi waliosukumwa mashimoni vizazi kwa vizazi, ambao bado wanaendesha mitambo, na usiku hupanda kuwala Eloi. Lilikuwa onyo kwa Uingereza ya 1895. Pal aliliondoa. Katika sinema mgawanyiko umeletwa na vita ndefu, wengine wakabaki katika mahandaki na wengine wakarudi juani, na Morlock ni madubwana tu. Swali la jasho limefutwa.

Katika Hatari! halikufutwa, kwa kuwa halikuulizwa kamwe. Hata hivyo jasho laonekana. Nyuma ya gari, pembezoni mwa picha, wako Waafrika wanaoshika kamba, wanaofungua vizimba, wanaobeba majani na maji. Hadithi haiwajali, lakini kamera haikuweza kuwaepuka.

Na lugha je? Jina la picha ni Kiswahili, nalo liliandikwa juu ya milango ya sinema za Ulaya na Marekani bila kufasiriwa. Neno lenyewe lilitoka Kiarabu, sauti ya kh ikalainishwa kuwa h. Katika Kiswahili hatari ni jina la kitu, na hutumika pia peke yake kama ukelele wa kuonya, kama lilivyoandikwa penye nguzo za umeme. Hawks alilichukua kwa matumizi haya ya pili, na alama yake ya mshangao ni sahihi.

Jambo la kupendeza zaidi ni jina analopewa Dallas, mwanamke achezwaye na Martinelli, baada ya kuwalea ndovu wachanga: Mama Tembo. Muundo wake ni wa Kiswahili safi, maana mama huitwa kwa jina la mtoto wake. Lakini ni Kiswahili cha bara. Msikilizaji wa Mvita au wa Lamu, ambaye mnyama yule kwake ni ndovu na tembo ni kileo cha mnazi, angalimdhania bibi huyo kuwa mgema au muuza pombe. Kwa hiyo picha imehifadhi, pasipo kujua, lugha ya Arusha ya 1961.

Baada ya kazi kwisha Krüger hakutaka kuondoka. Alinunua ardhi Momella, akajenga, akaandika vitabu juu ya maisha yake huko, na akakaa mpaka miaka ya 1970. Alifariki mwaka 2022. Hifadhi ya jirani, iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, tangu 1967 yaitwa Arusha.

Karibu na mwisho wa picha ndovu wachanga wanamfukuza Dallas katika mitaa ya mji wa Arusha. Sehemu hiyo ni ya mzaha, na wahakiki huipita haraka. Yafaa iangaliwe polepole na mara nyingi, si kwa ajili ya ndovu: maduka, mavazi, magari na nyuso za mji ule ziko humo, katika miezi ya mwisho ya utawala wa Waingereza. Na wale walioshika kamba yafaa waulizwe majina, kule Momella, Ngare Nanyuki na Usa River. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati huo amekwisha pita 80.