Kuchoma uvimbe wa ini kwa joto: viungo vya jirani hukingwaje?

Uvimbe mdogo wa saratani ya ini, hasa usiozidi sentimita 3, wakati mwingine hutibiwa bila upasuaji mkubwa. Daktari huingiza sindano ndefu kupitia ngozi, akiongozwa na picha za altrasaundi au CT-Scan. Ncha ya sindano hutoa joto, mara nyingi zaidi ya nyuzi 60, na kuua seli za uvimbe pamoja na ukingo mdogo wa ini unaouzunguka.

Shida ni kwamba joto halijui mpaka. Ini limepakana na kifuko cha nyongo, tumbo la chakula, utumbo mpana, figo ya kulia na msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Utumbo ukiungua unaweza kutoboka siku kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa tayari nyumbani.

Madaktari hufanya nini?

- Huchagua njia ya sindano inayokwepa viungo hivyo, na hupima muda na nguvu ya joto.
- Humwaga maji maalumu kati ya ini na kiungo cha jirani ili kuvitenganisha. Kwa mashine ya mawimbi ya redio hutumika maji ya dripu yenye sukari, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme.
- Hukupa usingizi au ganzi ili utulie. Ukisogea au kupumua kwa nguvu, ini nalo husogea.
- Uvimbe ukiwa umegusana na mirija mikubwa ya nyongo, wanaweza kushauri tiba nyingine.

Wewe useme nini kabla?

Taja upasuaji wowote wa tumbo uliowahi kufanyiwa, hata wa miaka mingi. Kovu la ndani linaweza kuugandisha utumbo kwenye ini, na maji yakashindwa kuvitenganisha. Taja pia dawa zote unazotumia, hasa za kuyeyusha damu, pamoja na dawa za miti shamba. Usile kwa saa utakazoelekezwa.

Ukirudi Kilosa au Mikumi

Homa ndogo, uchovu na maumivu ya bega la kulia kwa siku chache ni kawaida. Lakini nenda hospitali mara moja ukiona:

- homa kali, au homa inayorudi baada ya kupoa
- tumbo kuuma sana au kuwa gumu
- macho kuwa ya njano
- kinyesi cheusi au chenye damu
- kubanwa na pumzi

Huku kwetu homa ikipanda wengi hukimbilia duka la dawa kununua dawa ya malaria. Usifanye hivyo. Pima malaria, ndiyo, lakini hata kipimo kikionyesha unayo, mwambie mhudumu kuwa ini lako limechomwa kwa joto, umwonyeshe karatasi ya ruhusa. Jipu la ini na utumbo uliotoboka havitibiwi kwa vidonge vya malaria.

Tiba hii haipatikani katika hospitali za wilaya. Anzia Hospitali ya Wilaya Kilosa au St. Kizito Mikumi, upate rufaa. Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikijenga huduma ya radiolojia tiba tangu 2018. Uliza huko kama tiba hii inakufaa, na kabla ya kuondoka chukua namba ya simu ya wodi. Kama una ndugu Dar es Salaam au Morogoro, kaa kwake siku za mwanzo, hasa wakati wa masika.