Si kila kilichochapishwa ni cha kuaminika

Neno 'chanzo' hutuponza. Chanzo cha mto hutoa maji safi kuliko ya bondeni, basi tunadhani na chanzo cha habari ni vivyo hivyo. La hasha! Aliyekuwapo tukio likitendeka anaweza kuwa ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kulipindua.

Tuchukue mfano wa jirani. Kutoka hapa Londiani hadi Nandi si mbali. Huko, tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei, Orkoiyot aliyewaongoza Wanandi kuwapinga Waingereza, aliuawa walipokutana kwa mazungumzo. Aliyemuua, afisa Richard Meinertzhagen, alijitetea kwamba alikuwa akitegewa mtego. Wanandi husema ulikuwa usaliti. Shajara ya afisa huyo ilichapishwa mwaka wa 1957, zaidi ya miaka 50 baadaye.

Sasa kijana anayeandikia Wikipedia ya Kiswahili anakiona kitabu hicho: kina tarehe, kina kurasa. Anasema, "Ushahidi si ndio huu?" Ngoja kwanza. Kesi ya nyani hapelekewi ngedere. Isitoshe, katika miaka ya 1990 wataalamu wa ndege walithibitisha kwamba Meinertzhagen aliiba vielelezo vya ndege katika makumbusho na kuvibandika maelezo ya uongo. Mtu aliyedanganya kuhusu ndege, tumwamini vipi kuhusu mtu aliyemuua?

Hatukitupi kitabu chake. Tunachagua kitenzi. Tuandike 'alidai', si 'alieleza', sembuse 'alithibitisha'. Kisha tutafute mwanahistoria asiye na maslahi aliyezipima pande zote mbili. Maswali ni matatu tu: nani kasema? Alikuwa na faida gani? Nani mwingine, asiyemnukuu yeye, anakubaliana naye?

Tatizo ni kwamba kanuni za Wikipedia hudai vyanzo vilivyochapishwa. Kumbukumbu ya mzee wa Kapsabet haipiti hivi hivi, ilhali shajara ya afisa inapita. Kuilaumu kamusi elezo hiyo hakutoshi. Nawahimiza wanafunzi wetu wawarekodi wazee, walinganishe masimulizi yao, wayachapishe katika majarida yanayohakikiwa. Hapo ndipo sauti hiyo itanukuliwa. Tusipofanya hivyo, kifo cha Koitalel kitaendelea kusimuliwa na aliyeshika bunduki.