Mboni ya Jicho na Rangi ya Mwanga

Mboni ya jicho ni mlango wa nuru. Mchana hujifinya hata kipenyo chake kikawa kama milimita 2. Gizani, kwa kijana, yaweza kutanuka kufika milimita 8. Kwa muda mrefu ilisadikiwa kuwa mlango huu hutii wingi wa mwanga peke yake, tena kwa jicho lionalo tu. Imani zote mbili zimepinduliwa.

Mwaka 1825 Jan Purkyně, mwanachuoni wa Bohemia, alieleza kuwa alfajiri rangi haziamki pamoja. Buluu hutangulia kuonekana. Nyekundu, ambayo mchana hung'aa sana, huwa kama nyeusi. Mwaka 1866 Mjerumani Max Schultze alifungua njia ya kulielewa jambo hilo. Retina, alisema, ina seli za namna mbili: pia, ambazo ni za mchana na rangi, na vijiti, ambavyo ni vya utusitusi. Baadaye ilijulikana kuwa vijiti huamshwa zaidi na mwanga ulio kati ya buluu na kijani, wa mawimbi ya nanomita 500 hivi, wala haviujali sana mwekundu. Ndiyo sababu katika chumba chenye mwanga hafifu taa ya buluu huifinya mboni, hali taa nyekundu ya nguvu ileile huiacha karibu wazi.

Maelezo hayo yalielekea kutosha. Lakini Clyde Keeler, huko Harvard nchini Marekani, alikuwa amepata panya waliokosa vijiti kwa urithi. Panya hao walikuwa vipofu, na hata hivyo walipomulikwa mboni zao zilifinyika. Keeler alilitangaza jambo hilo mwaka 1927, nalo likakaa miaka mingi bila kupewa uzito wake.

Mwaka 1998 Ignacio Provencio na wenzake walitangaza melanopsini, waliyoipata katika ngozi ya chura. Mwaka 2000 waliionyesha katika retina ya binadamu. Mwaka 2002 David Berson na wenzake walithibitisha kuwa seli chache zenye melanopsini huitikia mwanga zenyewe, hasa wa buluu wa nanomita 480 hivi. Hizo huhitaji mwanga mkubwa kuliko vijiti. Lakini zikishaamka hukawia kutulia. Kwa hiyo mwanga mkali wa buluu ukizimwa, mboni huchelewa kutanuka. Ukizimwa mwekundu, hutanuka upesi.

Elimu hii ina faida kubwa kwa wanadamu. Mwaka 2007 ilitangazwa habari ya kipofu ambaye mboni yake ilifinyika kwa mwanga, na kwa buluu kuliko rangi nyingine. Seli hizo ndizo pia huujulisha mwili usiku na mchana. Basi daktari anayeliondoa jicho la kipofu kwa kudhani halina kazi aweza kumnyima mtu huyo saa ya mwili wake. Kutoona si sawa na kutofikiwa na nuru.