Carey Francis na Geti la Alliance

Kama umemaliza Fomu Foo, siku hiyo unaikumbuka. Shati limejaa sahihi za marafiki, sanduku la bati liko juu ya matatu, na yule mwalimu uliyemwogopa miaka minne amesimama pembeni, hana tena la kukufokea. Wewe ulikuwa unaenda. Yeye je?

Nikijiuliza hivyo humkumbuka Edward Carey Francis. Aliacha kufundisha hisabati Cambridge, akaja Maseno mwaka 1928, kisha akawa mkuu wa Alliance High School, pale Kikuyu, kuanzia 1940 hadi 1962. Hakuoa. Alikuwa mkali na alichapa (hapo simsifu), na kila mwisho wa mwaka aliwaaga vijana wake, wakatoka getini.

Sasa, kutoka getini miaka ya 50 hakukuwa mchezo. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Ndani ya ua, kijana Mkikuyu alikuwa mwanafunzi. Nje, alikuwa mshukiwa. Ngũgĩ wa Thiong'o aliingia Alliance 1955. Aliporudi kwao Limuru likizo ya kwanza, alikuta kijiji hakipo, watu wamehamishwa kwa nguvu. Kaka yake alikuwa msituni na Mau Mau. Francis aliiona Mau Mau kuwa uovu, lakini mdogo wa mpiganaji alisoma chini ya paa lake hadi 1958.

Miezi michache baada ya kumaliza, polisi walisimamisha basi alilopanda Ngũgĩ, wakamshusha, wakamtia ndani. Alijitetea mwenyewe kortini, akaachiliwa. Shule yote ile, nidhamu yote ile, na bado barabarani ulikuwa peke yako.

Na wale walioachiliwa hawakwenda alikotaka mwalimu. Francis alitaka watumishi waadilifu wa serikali aliyoiamini, ya Waingereza. Paul Ngei, aliyesoma kwake miaka ya 40, akahukumiwa Kapenguria mwaka 1953 pamoja na Kenyatta. Julius Kiano, naye wa Alliance, akawa waziri katika serikali iliyompokonya mkoloni nchi. Nadhani hapo ndipo kuachilia kunauma kweli: si mtoto anapokusahau, bali anapotumia ulichompa kuvunja ulichokijenga.

Mwaka 1962 zamu ikawa yake. Ungedhani angepanda meli arudi Uingereza akapumzike, kama wengi wa rika lake. Wapi! Alishuka Eastlands, Shule ya Sekondari ya Pumwani, akawa mwalimu wa kawaida. Mkuu wa shule iliyotoa mawaziri akarudia chaki, akifundisha watoto wa mtaa ambao hawakuitwa Alliance.

Alifariki 1966, bado akifundisha huko. Safari hii waliobaki wamesimama ni wanafunzi.