Nyumba Yangu, Kiwanja Chako: Historia Fupi ya Kodi na Makaazi katika Unguja



Mtu akitoka mjini Unguja kwa njia ya kaskazini, baada ya kiasi cha kilomita 20 hufika Mangapwani, ufuko ambao jina lake lenyewe, pwani ya Manga, limeelekea Uarabuni. Hapo pana chumba kilichochongwa ndani ya mwamba wa matumbawe, ambamo watumwa walifichwa baada ya mkataba wa 1873 kupiga marufuku biashara yao ya baharini. Wageni huoneshwa chumba hicho, kisha huondoka. Mimi nakusudia kuanzia pale wanapoishia wao: watu waliotumikishwa kisiwani humu, walipoachwa huru, walilala wapi, na kwa idhini ya nani?

Swali hili ni la historia, lakini pia ni la lugha. Leo tukisema “kodi ya nyumba” twadhani jambo ni moja: yupo mwenye nyumba na yupo mpangaji wake. Katika Unguja ya zamani mambo yalikuwa mawili. Kulikuwa na mwenye nyumba, na kulikuwa na mwenye kiwanja, na mara nyingi hawakuwa mtu mmoja. Asiyeitenganisha milki hii na ile hawezi kuuelewa ugomvi uliofuata.

Natuanze na shamba. Amri ya Aprili 1897 iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa, lakini haikumpa aliyekuwa mtumwa hata shubiri moja ya ardhi. Wengi walibaki katika mashamba ya mikarafuu na minazi, wakachanganyika na wahamiaji kutoka bara. Walijenga, wakalima mihogo, wakapalilia chini ya mikarafuu ya bwana shamba, na kwa kawaida hawakulipa kodi ya fedha. Sharti moja lilifahamika kwa wote: usipande mti wa kudumu. Muhogo huvunwa ukaisha. Mnazi hubaki, na mwenye mnazi hubaki na hoja. Nyumba ya udongo na makuti, yaelekea, ilivumiliwa kwa kuwa ilihesabiwa pamoja na muhogo.

Mjini kanuni ilikuwa ya ukoo huo huo, ila watu walikuwa wengi na wamesongamana. Jina Ng'ambo lilitungwa na aliyesimama upande wa Mji Mkongwe, maana hakuna mtu ajionaye yuko ng'ambo nyumbani kwake. Mkono wa bahari ulizitenga pande hizo mbili kabla haujafukiwa hatua kwa hatua. Sehemu kubwa ya ardhi ya Ng'ambo ilikuwa mali ya matajiri wa Kiarabu na wa Kihindi, au ilikuwa wakfu. Waliojenga juu yake walikuwa watumwa wa zamani, wafanyakazi kutoka bara, Wangazija, na watu wa mashamba waliotafuta riziki ya mji. Nyumba ilikuwa mali yao hasa: waliiuza, waliirithisha, waliviokodisha vyumba vyake. Wengi wa wenye nyumba hao walikuwa wanawake, ambao katika jamii ile hawakuwa na akiba nyingine ya kutegemea uzeeni. Kiwanja kilikaliwa kwa ruhusa, na kwa miaka mingi ruhusa hiyo ilidaiwa heshima na utiifu zaidi kuliko fedha.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza uhusiano huo uligeuka. Mji ulikuwa umekua, viwanja vimekuwa bidhaa ya kuuzwa na kununuliwa, na mnunuzi mpya hakuwa na kumbukumbu yoyote ya utiifu wa zamani. Alichokuwa nacho ni hati. Kamisheni ya Wakfu, iliyoundwa mwaka 1905, ilileta daftari na hesabu mahali palipokuwa na hisani. Aidha, mawazo ya kisheria ya Kiingereza yalishikilia kwamba kilichoshikamana na ardhi huifuata ardhi. Kwa mwanamke wa Ng'ambo maana yake ilikuwa nyepesi kueleweka na ngumu kumezwa: akishindwa kulipa kodi ya kiwanja, hatari haikuwa kuhama tu kama mpangaji. Angeipoteza nyumba aliyoijenga kwa jasho lake.

Ndipo mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo wakagoma kulipa kodi ya viwanja. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001 kuhusu utamaduni na siasa za mji huu, ameonesha jinsi wanawake walivyokuwa mstari wa mbele. Serikali ya kikoloni, ambayo haikuwa na mazoea ya kumsikiliza mtu wa Ng'ambo, ilijikuta ikitunga amri ya kuzuia upandishaji wa kodi hizo. Kwa maoni yangu hili ni tukio kubwa kuliko nafasi linayopewa katika vitabu vyetu vya shule. Ulinzi wa mkaazi haukuteremka kutoka ofisini. Ulianza na watu waliokataa kwamba nyumba na kiwanja ni kitu kimoja.

Niruhusiwe kutoka njiani kidogo. Mwaka huo huo wa 1928, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba na mkaazi wa Ng'ambo, alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake kwa mara ya kwanza. Wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert twausoma kama fasihi, na ndivyo ulivyo. Lakini mwanafunzi anayezichunguza nyimbo za kundi lake bila kujua nani alimdai nani kodi mtaani mwao atazisikia nusu tu.

Huko mashambani amri ya viwanja vya mjini haikumsaidia mtu. Baada ya uchaguzi wa Julai 1957 baadhi ya wenye mashamba waliwafukuza wakaazi wao kwa sababu ya kura, na ruhusa ya kale ikaonekana ilivyokuwa dhaifu. Mapinduzi ya Januari 1964 yalijibu kwa mkato: tarehe 8 Machi mwaka huo Rais Karume alitangaza ardhi yote kuwa mali ya serikali. Mwenye kiwanja akatoweka. Kikwajuni na Kilimani yakasimama majumba yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na Michenzani yakafuata yale marefu ya karibu mita 300 kila moja. Nyumba za Ng'ambo zilizokuwa njiani zilibomolewa, na wenyewe wakapewa fleti.

Tendo hilo lilikuwa la ukarimu, na sitaki kulipunguza. Hata hivyo, mtu aliyekuwa na nyumba bila kiwanja sasa alikuwa na vyumba bila hata hiyo nyumba: ngazi ni za nani, paa linalovuja litatengenezwa na nani? Majengo hayo yalisubiri hadi 2010 ndipo Zanzibar ikapata sheria ya umiliki wa fleti katika jengo la pamoja.

Katika muongo huo huo ulitayarishwa mpango mpya wa eneo hilo, ukapewa jina la Ng'ambo Tuitakayo. Nimelitafakari sana jina hilo, hususan kiambishi *tu*. Mwenye fleti yumo ndani yake bila shaka, na mwenye duka pia. Aliyekodi chumba kimoja kwa mkataba wa mdomo, anayelipa kila mwezi na asiyeandikwa popote, sijamwona bado.