Miasenyi na Ukanda wa Kasigau: Nani Mwenye Kauli juu ya Wanyamapori

Miasenyi ni kituo kidogo cha biashara kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, katika kaunti ya Taita Taveta, kati ya Mackinnon Road na Maungu. Kaskazini yake imetanda Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Mashariki. Kusini ziko ranchi zinazoenea hadi mlima Kasigau na kuelekea Tsavo Magharibi. Ndovu, nyati na pundamilia huvuka nyika hii wakifuata mvua na majani, na hawajui mpaka wa hifadhi wala wa ranchi. Kwa kuwa zaidi ya asilimia 60 ya eneo la kaunti limo ndani ya hifadhi hizo mbili, wakazi wamebanwa katika ardhi iliyobaki pamoja na wanyama wanaotoka nje. Tangu zamani mgogoro wa huku umehusu kauli: nani aamue juu ya wanyama hao, na nani abebe gharama yao.

Kabla ya ukoloni, kauli hiyo ilikuwa ya wenyeji. Waata, ambao majirani zao waliwaita pia Waliangulu, walikuwa wawindaji mashuhuri wa ndovu. Silaha yao ilikuwa upinde mrefu, mgumu kuuvuta kuliko pinde nyingi za Afrika, na mshale uliopakwa sumu iliyochemshwa kutoka mti wa msunguti. Pembe walizopata ziliingia katika biashara ya misafara iliyoshuka pwani. Kasigau, ambayo wasafiri wa zamani waliijua kwa jina la Kadiaro, ilikuwa kituo cha maji na chakula cha misafara hiyo; mmisionari Johannes Rebmann alifika hapo mwaka 1847. Milimani, Wataita walikuwa na misitu yao ya fighi, mahali pa tambiko na ulinzi wa jamii, ambapo kukata mti au kuingia bila idhini ya wazee kulikuwa mwiko.

Utawala wa Kiingereza ulibadilisha mambo kwa leseni. Mwenye leseni, ambaye mara nyingi alikuwa mzungu, aliitwa mwindaji. Mwenye upinde aliitwa jangili. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipasua nyika ya Taru. Mwaka 1898, simba wawili walipowaua wajenzi wake penye mto Tsavo, jina la mahali hapo lilijulikana duniani kote. Sheria ya mwaka 1945 ilifungua njia ya kuunda hifadhi za taifa, na tarehe 1 Aprili 1948 Tsavo ikatangazwa, kisha kwa ajili ya usimamizi ikagawanywa Mashariki na Magharibi. Pande hizo mbili zina jumla ya kilomita za mraba zipatazo 22,000. Eneo hilo lilichaguliwa kwa kudhaniwa kuwa nyika kame isiyofaa kwa kilimo. Waata waliowinda humo na wafugaji waliolisha na kunywesha mifugo humo hawakuwa na nafasi katika mpango huo.

David Sheldrick, mkuu wa kwanza wa Tsavo Mashariki, alikaa kazini hadi mwaka 1976. Katikati ya miaka ya 1950, yeye na wenzake waliendesha operesheni kubwa dhidi ya uwindaji wa Waata. Wanaume wengi walikamatwa na kufungwa, na uchumi wa jamii nzima ukavunjika. Baadhi ya maafisa waliona kwamba kuwafunga watu bila kuwapa riziki nyingine hakutadumu. Ndipo mwaka 1960 ulipoanzishwa mpango wa Galana, mashariki ya hifadhi, ambao ungewaajiri Waata kuwinda ndovu kihalali kwa idadi maalumu na kuuza nyama na pembe. Mpango huo uliishi miaka michache tu, na ardhi yake ikageuzwa ranchi ya ng'ombe. Hata hivyo uliacha wazo lililorudi baadaye: jirani wa mnyama apate faida kutokana na mnyama huyo.

Wakati huohuo uhifadhi ulikuwa ukigeuka taaluma. Mwaka 1961 vyama vya wanyamapori vya Kenya na Tanganyika viliungana kuwa Chama cha Wanyamapori cha Afrika Mashariki, na mwaka 1963 Chuo cha Mweka kikafunguliwa karibu na Moshi kuwafunza Waafrika usimamizi wa wanyamapori. Huko Tsavo, mtafiti Richard Laws alishauri mwishoni mwa miaka ya 1960 kwamba ndovu wapunguzwe kwa risasi, kwa sababu walikuwa wakiangusha miti na kuharibu makazi yao wenyewe. Sheldrick alipinga akisema maumbile yatajirekebisha. Ukame wa mwaka 1970 na 1971 ukaua maelfu ya ndovu, hasa majike na watoto wao. Mjadala ule uliifunza taaluma kwamba uamuzi unahitaji takwimu, lakini pia kwamba wataalamu wenyewe wanaweza kuwa na takwimu zilezile na wasikubaliane.

Serikali iliunganisha idara ya wanyama na hifadhi za taifa mwaka 1976, ikapiga marufuku uwindaji wote mwaka 1977. Marufuku hayo hayakuwazuia majangili wenye bunduki za kivita. Idadi ya ndovu wa Tsavo, iliyokuwa zaidi ya 30,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilishuka hadi karibu 5,400 katika sensa ya 1988. Julai 1989 Rais Daniel arap Moi aliteketeza tani 12 za pembe jijini Nairobi, na Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, likachukua usimamizi chini ya Richard Leakey. Manyani, kaskazini ya Voi, palipokuwa na kambi ya kuwafungia watuhumiwa wa Mau Mau, pakawa na chuo cha kuwafunza askari wa wanyamapori. Ulinzi uliokazwa ulizaa matunda: sensa ya mwaka 2021 ilihesabu ndovu karibu 15,000 katika eneo la Tsavo.

Ndovu waliorudi walizikuta ranchi. Baada ya uhuru, sehemu kubwa ya ardhi iliyo kati ya hifadhi hizo mbili iligawiwa kampuni na vikundi vya ufugaji, zikiwemo ranchi za Taita, Rukinga na Kasigau. Ng'ombe walinenepeshwa kwa mikopo, lakini ukame, magonjwa na madeni viliziangusha nyingi. Pengo lililobaki likajazwa na uchomaji makaa, mitego ya nyama pori na mashamba ya mahindi ambayo ndovu waliyavuna kabla ya mkulima. Wenye hisa walikuwa na ardhi mikononi lakini hawakuwa na mapato.

Jibu la kwanza lilitoka kwa wenye ranchi wenyewe. Upande wa magharibi, karibu na Tsavo Magharibi, ranchi za Lualenyi, Mramba na Oza ziliungana katika miaka ya 1990 kuunda hifadhi ya jamii ya Lumo. Upande wa Maungu, kampuni ya Wildlife Works ilianza kazi Rukinga mwishoni mwa miaka hiyo, ikaajiri askari wa doria na kufungua kiwanda cha nguo. Mwaka 2011 mradi wake wa ukanda wa Kasigau ukawa wa kwanza duniani kupewa hati za kaboni za kuzuia ukataji wa misitu chini ya kiwango cha kimataifa cha VCS. Hati hizo huuzwa kwa kampuni za ng'ambo, na fedha hugawanywa kati ya mradi, wenye ardhi na jamii.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, ilitambua hifadhi ya jamii au ya mtu binafsi kuwa matumizi halali ya ardhi. Iliunda kamati za kaunti, na ikaweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama. Mwaka huohuo wa 2013 ukaundwa Muungano wa Hifadhi za Jamii Kenya, KWCA, na hifadhi za kaunti hii zina chama chao, TTWCA. Chama cha namna hii hakimiliki mnyama hata mmoja. Kazi yake ni kuwapa wenye ardhi sauti moja mbele ya serikali na wafadhili, kuwafunza askari wao, kusaidia kupanga malisho, na kuhimiza viongozi wa ranchi watoe hesabu kwa wanahisa. Misingi inayohubiriwa, yaani uwazi, usawa na ugawaji wa haki wa mapato, ni majibu ya makosa yaliyotajwa hapo juu: watu kuondolewa bila kuulizwa, na faida kupita bila kuwafikia.

Misingi hiyo imejaribiwa mara kadhaa. Reli mpya ya SGR, iliyozinduliwa Mei 2017 na kuwekewa stesheni Miasenyi, ilijengwa juu ya tuta refu. Njia za chini ziliachwa ili wanyama wapite, na ndovu waliofungwa vifaa vya kufuatilia walionyesha ni wapi wanapita na wapi wanasita. Novemba 2023, shirika la haki za binadamu la KHRC na lile la utafiti la SOMO yalichapisha madai ya unyanyasaji wa kingono yaliyowahusu baadhi ya maafisa wa mradi wa Kasigau. Kampuni ya Wildlife Works ikachunguza na kuwasimamisha kazi baadhi yao. Kulinda miti na ndovu hakukutosha kuthibitisha kwamba watu nao wamelindwa.

Hadi leo yapo mambo ambayo chama cha hifadhi peke yake hakiwezi kuyamaliza. Fidia ya mazao na ya vifo huchelewa kwa miaka. Mifugo kutoka kaunti nyingine huingia ranchini wakati wa ukame, na wanahisa hugombana kuhusu mikataba iliyotiwa sahihi na viongozi wao. Kilichobadilika tangu 1948 ni kwamba migogoro hii sasa ina mahali pa kupelekwa: mikutano ya wanahisa, kamati ya kaunti na mahakama, ambako mkazi wa Miasenyi anaweza kusikilizwa kama mwenye ardhi.