Mwenye Shamba na Mwenye Makaa

Hebu fikiria: shamba ni lako, hati unayo kabatini, nyumba umeijenga kwa jasho lako. Asubuhi moja linakuja tingatinga kubomoa mlima ulio nyuma ya jiko. Ukimzuia dereva, anayepelekwa ndani ni wewe!

Hayo yametokea mashariki mwa Kentucky, Marekani. Kule sheria inaruhusu ardhi moja kuwa na wenyewe wawili, mmoja wa juu na mmoja wa chini. Kwetu Tanzania, ambako madini ni mali ya Jamhuri, tunaweza kudhani ni hadithi ya sungura na fisi. Wapi!

Mwishoni mwa karne ya 19 mwalimu mmoja, John C. C. Mayo, aliacha chaki akaanza kuzunguka milimani akinunua makaa ya mawe yakiwa bado ardhini. Bei yake senti 50 au dola chache tu kwa eka. Wauzaji wengi hawakujua kusoma, wakatia alama ya X pale walipoonyeshwa kidole. Waliona wameokota fedha, maana mahindi yao waliendelea kulima vilevile. Kumbe hati zile zilisema mwenye makaa aweza kufanya lolote linalohitajika ili ayatoe, na mwenye shamba asimdai fidia.

Enzi hizo makaa yalichimbwa kwa sururu, watu wakiingia shimoni. Nani angeota habari za tingatinga? Wauzaji wakafa, wajukuu wakarithi mashamba pamoja na zile X za mababu. Halafu zikaja mashine za kufumua mlima kuanzia juu, na mwaka 1956, katika kesi ya Buchanan na Watson, mahakama ya juu ya Kentucky ikasema kampuni inayo haki hiyo.

Novemba 1965 mjane Ollie Combs, mwenye miaka 61, alikwenda kujiweka mbele ya tingatinga katika wilaya ya Knott. Polisi wakambeba mzobemzobe. Sikukuu ya Shukrani ikamkuta jela, na picha yake ikiwa gazetini anakula chakula cha mahabusu.

Sasa mtu atauliza, bima je? Maana Wamarekani wanayo bima ya hatimiliki. Ilizaliwa Pennsylvania baada ya kesi ya Watson na Muirhead ya 1868, ambapo mnunuzi alipata hasara kwa deni la zamani lililoing'ang'ania ardhi, na mtayarishaji wa hati akaachiwa huru. Mwaka 1876 ikaanzishwa kampuni ya kwanza mjini Philadelphia. Bima hiyo hutazama nyuma: hulipa kasoro iliyojificha katika hati za kale. Lakini kampuni hupekua hati kwanza, na ikikuta madini yalishauzwa, huyaandika kuwa nje ya bima. Yaani unakingwa na usiyoyajua, lile linalojulikana litakuumiza unaachiwa mwenyewe. Mimi naona huo ni ujanja wa mchana kweupe.

Wananchi hawakungoja bima. Mwaka 1988 zaidi ya wapiga kura wanne kati ya kila watano walikubali kuibadili katiba ya jimbo: hati isiyotaja njia ya kuchimba ihesabiwe kuwa ilimaanisha njia zilizojulikana pale ilipotiwa sahihi. Mwaka 1993 mahakama ikaunga mkono na kuitupa hukumu ya 1956. Hati za Mayo hazikufutwa. Makaa yalibaki ya aliyenunua, ila akitaka kuleta tingatinga, sharti kwanza apige hodi kwa mwenye shamba.